Farasi Anayekula Luku

Hana kichwa. Fundi Kaaya alisema kichwa hakina kazi,
mwendo unatoka mgongoni.
Basi ni pipa la lita mia mbili, limelazwa,
limevishwa godoro la mtoto na ngozi ya ng'ombe,
chini yake springi za Landrova iliyofia Ngaramtoni
na mota ya mashine ya kukamua alizeti
inayomsukuma mbele, juu, nyuma, chini,
mbele, juu, nyuma, chini,
kama anayetwanga kitu asichokiona.

Hali majani. Hula luku.
Tarakimu ishirini nazibonyeza gizani,
ghala la mahindi, Usa River,
saa kumi na moja alfajiri, mabanda hayajafunguliwa,
na pipa linaamka.

Mimi ni Ndelilio. Miaka kumi na tisa
nimechana singa na kukwangua kwato
za farasi wa watu.
Mwezi wa nne Sanura, yule jike wa kijivu,
aliona mfuko wa mbolea ukipepea kwenye senyenge,
akaenda kushoto. Mimi nikaenda kulia.
Mtulinga ukalia kama ukuni mkavu.

Mfupa uliunga kwa wiki nane.
Kilichobaki hakikuonekana kwenye picha ya daktari:
kila niliposhika hatamu
vidole viling'ata kama kupe.

Kaaya hajapanda farasi maishani mwake.
Hukaa juu ya gunia la pumba, chai mkononi,
ananikaripia kama mwalimu wa zamu.
Amefunga mizani ya bucha kwenye hatamu, ile ya ndoana,
asome ninavyovuta.
"Kilo kumi na moja! Huyo ni mbuzi mzima
umemning'iniza mdomoni mwa mnyama.
Legeza. Hilo ni pipa, halitakukimbia."

Telki kwanza. Kisha matiti
(usicheke, ndilo jina la mwendo huo, kamusi ni shahidi),
kisha shoti, ghala zima linatetemeka,
panya wanahama.
Wiki ya kwanza nilishuka ngazi za kanisa kinyumenyume,
wazee wa usharika wakanitazama.
Wiki ya tano nilijua kiuno kina bawaba.
Kilo mbili. Kilo moja.
Robo, kama maini ya mgonjwa.

Kuna asubuhi umeme ulikatika katikati ya shoti.
Pipa likaganda juu, pua hewani, kama lingekuwa na pua,
nami juu yake, gizani, nimekaa.
Kaaya akawasha tochi ya simu, akamulika mizani.
Mshale ulikuwa kwenye sifuri.
Mikono yangu ilikuwa mapajani, wazi,
kama ya mtu anayesubiri kunawishwa.
Hakusema kitu. Akanywa chai iliyopoa.

Jumanne nikamtoa Sanura.
Mlima Meru ulikuwa umejifunika mpaka kiunoni,
umande kwenye kahawa, senyenge ileile.
Nilipokaa, nikashtushwa na kitu ambacho pipa halikunifundisha:
alikuwa anapumua.
Mbavu zilifunguka kati ya miguu yangu, zikajifunga.
Na masikio. Moja mbele, moja kwangu,
linauliza.

Mfuko haukuwapo. Alikuwapo kuku,
akachomoka migombani kama aliyechelewa harusi.
Sanura akaruka upande. Kiuno changu kikaruka naye,
kikafika kabla yangu.
Sikuwa hodari. Nilitukana kwa Kimeru
neno ambalo mama hakunifundisha.
Lakini nilikuwa juu.

Jioni nikapita ghalani.
Kaaya alikuwa anatia grisi.
"Vipi?"
"Mtie masikio."
"Masikio hayana kazi."
"Najua. Mtie."

Akaokota kipande cha tairi, akakipima kwa jicho,
akaanza kutafuta kisu.